Hospitali ya Wenyewe Wengi: Miongo Sita ya CME, Kutoka Nyankunde Hadi Bigo

Hospitali nyingi zikifikisha umri mkubwa huadhimishwa kwa majengo yake: picha ya jiwe la msingi, jina la mfadhili wa wodi, tarehe ya kufunguliwa kwa chumba cha upasuaji. Kituo cha Matibabu cha Kiinjili cha Nyankunde, ambacho watu wa Ituri hukitaja kwa herufi tatu tu, CME, hakiadhimishiki hivyo. Majengo yake yaliporwa na kuharibiwa Septemba 2002, na kwa muda CME ilibaki kuwa watu wasio na paa: waganga na wauguzi waliotawanyika Oicha, Beni na Bunia, wakiendelea na kazi ileile. Anayeandika historia yake hana budi aseme ni kitu gani hasa kilichosalia. Kwa maoni yangu yalisalia mapatano. CME ilianza kama mapatano ya makanisa kwa makanisa, ikaingia katika mapatano ya makanisa na serikali, na hatimaye ikafika kwenye mapatano magumu kuliko yote, yale ya kituo cha afya na watu wa mtaa. Kila upande ulipotoa fungu lake, pengo kati ya anayetibiwa na asiyetibiwa lilipungua. Upande mmoja ulipotoa jina bila fungu, pengo lilirudi. Leo pengo hilo linaonekana vizuri zaidi katika kartye kama Bigo, mjini Bunia, ambako mgonjwa yuko karibu na hospitali kadhaa na bado anaweza kukosa matibabu.

Pengo lenyewe halikuanza na vita. Wakati wa Wabelgiji, matibabu katika Ituri yalitoka kwenye milango mitatu isiyofunguliwa pamoja. Kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto ilitibu wafanyakazi wake, kwa kuwa mchimbaji mgonjwa hachimbi. Dola la kikoloni lilifuatilia magonjwa yaliyotisha uchumi na utawala, hasa malale. Misheni zilitibu walioishi karibu na vituo vyao. Aliyeishi mbali na mgodi, na makao ya utawala, na misheni, hakuwa katika hesabu ya yeyote. Ndani ya mipaka hiyo kulikuwa na watu waliofanya kazi kubwa. Carl Becker, daktari Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1929, aliifanya Oicha kuwa mahali palipojulikana kote kwa matibabu ya ukoma. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyefika mwaka 1953, alifundisha wauguzi na wakunga huko Nebobongo kwa vifaa haba. Lakini kila mmoja alifanya kazi chini ya misheni yake, na kila misheni ilikuwa na bajeti yake, redio yake, dawa zake. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na hata daktari mmoja Mkongo mwenye shahada kamili ya udaktari. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga wenye ujuzi mkubwa, ambao ukoloni uliwazuia mlangoni pa hatua ya mwisho. Kwa hiyo pengo la afya lilikuwa pia pengo la elimu, na dawa peke yake isingeliziba.

Kilichoyasukuma makanisa kukaa meza moja ni balaa. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulizifagia misheni za kaskazini-mashariki: wamisionari na viongozi wa makanisa Wakongo waliuawa, Roseveare mwenyewe alishikwa mateka kwa miezi, na hospitali zilibaki bila waganga. Walionusurika waliporudi waligundua kwamba hakuna misheni hata moja iliyokuwa na waganga wa kutosha kusimamisha tena hospitali kamili peke yake. Hapo ndipo misheni tano zilipokubaliana kuweka pamoja waganga, fedha na vifaa mahali pamoja, Nyankunde, kilomita zipatazo 45 kutoka Bunia. Becker alihamia huko. Roseveare alirudi mwaka 1966 akajiunga na kazi hiyo hadi alipoondoka Kongo mwaka 1973. Ikaota hospitali yenye vitanda 250 hivi, na pembeni yake, jambo ninaloliona kubwa zaidi, chuo cha kufundisha Wakongo kazi ya uuguzi kwa kiwango kilichotambuliwa na serikali.

Chuo hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndicho kilichotofautisha CME na hospitali ya misheni ya kawaida. Hospitali peke yake huvuta wagonjwa kuja kwake, na kwa hiyo huwafaidi zaidi walio karibu. Chuo kilifanya kinyume, kilisukuma ujuzi kwenda nje. Kijana aliyetoka zahanati ya mbali alisoma Nyankunde, akarudi kufanya kazi kati ya watu wanaojua lugha yake na jina la baba yake. Ndege ndogo za MAF, shirika la usafiri wa anga la kimisionari, zilizokuwa na kituo hapohapo ziliwapeleka waganga kwenye hospitali za porini kufanya upasuaji uliokuwa ukingoja na kuwafuatilia wauguzi waliokwisha kufundishwa, na redio iliwaunganisha siku ambazo ndege hairuki. Muuguzi aliyekuwa peke yake msituni, mwenye mama aliyekwama katika uchungu, alikuwa na mtu wa kumuuliza. Ushirikiano wa misheni tano ulionekana katika jambo hilo dogo: swali la muuguzi lilijibiwa bila kuulizwa kwanza yeye ni wa kanisa gani.

Miaka kumi na miwili baada ya Roseveare kurudi, mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliitangazia dunia kwamba afya ya msingi ijengwe na jamii yenyewe. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliuchukua wito huo kwa uzito kuliko inavyokumbukwa. Nchi iligawanywa katika zoni za afya 306, kila moja na hospitali yake kuu ya rufaa na vituo vyake vya afya. Hospitali za makanisa hazikuwekwa kando: nyingi zilipewa jukumu la kuongoza zoni nzima kwa niaba ya serikali. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SANRU, uliounganisha Kanisa la Kristo katika Zaire na msaada wa Marekani, ukasaidia zoni nyingi za vijijini kufundisha wafanyakazi, kupata dawa na kulinda chemchemi za maji. Mbegu ya utaratibu tunaoujua leo ilipandwa wakati huo: eneo la afya lenye kituo, kituo chenye muuguzi mkuu ambaye watu humwita titulere, na pembeni yake kamati ya raia, CODESA, pamoja na wahamasishaji wa kujitolea, RECO, wanaopita nyumba kwa nyumba. Baada ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991 Wamarekani waliondoka na fedha za SANRU zikakatika. Zoni hazikufa, ila zilipoteza fungu la mshirika wa nje wakati fungu la serikali lilikuwa limekwisha kuwa jina tu. Hapo mzigo wote ulimwangukia mshirika wa tatu, mgonjwa.

Kisha ikaja vita, na pamoja nayo swali ambalo historia ya CME haiwezi kulikwepa. Mwishoni mwa Agosti 2002 wapiganaji wa UPC, kundi lililoongozwa na Wahema, walishambulia Songolo na kuua raia wa Kingiti wapatao 140. Tarehe 5 Septemba wapiganaji wa Kingiti na Kilendu, pamoja na askari wa APC, jeshi la kundi la waasi la RCD-ML, waliingia Nyankunde. Human Rights Watch ilikadiria kwamba katika muda wa siku kama kumi waliuawa watu wasiopungua 1,200, wengi wao Wahema na Wabira. Wagonjwa waliuawa vitandani. Dawa, vifaa na vitabu vya miongo mitatu na zaidi vilibebwa au kuharibiwa. Walioweza kutoka walitembea kwa siku nyingi msituni hadi Oicha, wauguzi wakiwa na wagonjwa wao.

Kuna wasemao kwamba siku hizo zilifuta kila kilichodaiwa juu ya ushirikiano: kama hospitali iliyowatibu wote kwa zaidi ya miaka thelathini haikuwazuia majirani kuuana ndani ya wodi zake, basi ilijenga nini? Pingamizi hili ni zito, na sitaki kulipunguza. Lakini linaidai hospitali kazi ambayo si yake. Vita vya Ituri vililishwa na migogoro ya ardhi, na dhahabu, na silaha zilizotoka Uganda, Rwanda na Kinshasa, na viongozi walioona faida katika chuki. Hakuna wodi ya wazazi iwezayo kusimama mbele ya hayo. Kinachoweza kudaiwa kwa CME ni kama mapatano yake yaliendelea kufanya kazi baada ya damu, na hapo ushahidi uko wazi. Wafanyakazi waliendelea kutibu wakiwa Oicha. Mafunzo ya uuguzi yaliendelea uhamishoni. Mjini Bunia ikazaliwa hospitali nyingine yenye jina hilohilo, CME Bunia, iliyopokea watu wa mji uliojaa waliokimbia vijiji vyao. Nyankunde yenyewe ilijengwa upya na wagonjwa wakarudi. Kama CME ingekuwa mali ya misheni moja, au ya kabila moja, au ya mfadhili mmoja, sioni ingerudi kwa njia gani. Ilirudi kwa sababu wenyewe wake walikuwa wengi na hawakuwa wote mahali pamoja siku ile.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, nalo lina takwimu za kulitetea. Majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia Mei 2003 na mji ukaingia katika mauaji, walioweka hospitali kwa haraka hawakuwa ushirikiano wowote wa wenyeji. Walikuwa Madaktari Wasio na Mipaka, waliofungua hospitali ndani ya jengo lililokuwa duka na ghala, ambalo watu waliendelea kuliita Bon Marché. Matibabu yalikuwa bure. Katika miaka minne ya kwanza walitibiwa humo zaidi ya watu 7,000 waliobakwa, mbali na majeruhi wa risasi na panga na watoto wenye utapiamlo. Anayeuliza kwa nini tuhangaike na kamati na vikao, wakati shirika moja lenye fedha linaweza kufanya hayo yote kwa wiki chache, ana haki ya kujibiwa. Na jibu lianze na shukrani: hakuna kamati yoyote ya mtaa ingeweza kufanya ilichofanya Bon Marché mwaka 2003. Lakini hospitali ya dharura huja na tarehe ya kuondoka ndani ya mkataba wake. Bon Marché ilipofungwa, mji ulibaki na hospitali kuu, na vituo vya mitaa, na CME, na vituo vya Kanisa Katoliki, vyote vikilipisha. Pengo lilikuwa limefunikwa kwa fedha za wengine, chini yake halikuwa limezibwa. Karibu hakuna aliyeshughulika, katika miaka hiyo ya matibabu ya bure, kujenga namna ya kulipia matibabu baada yake. Lawama hiyo siwezi kulitupia shirika la dharura, ambalo halikuahidi jambo hilo. Naitupia serikali na washirika wa kudumu waliokuwa na muda wa kufikiri.

Hapa ndipo Bigo inapoingia kama kipimo. Mtu wa porini mwaka 1966 alizuiwa na umbali, na ndege na chuo vilikuwa jibu sahihi kwa umbali. Mtu wa Bigo hazuiwi na umbali. Kituo kiko mtaani, pikipiki inamfikisha hospitali kuu upesi, na dawa muhimu zinapatikana mjini kupitia CADIMEBU, ghala la pamoja la kununua na kusambaza dawa lililowekwa Bunia kwa ajili ya vituo vya mkoa. Kinachomzuia ni mlolongo wa malipo. Mtoto akiwa na homa, kwanza hununuliwa fishi, karatasi ya kuonwa na muuguzi. Kisha hulipiwa kipimo cha malaria pale mradi wa msaada ulipokatika, kisha dawa. Mtoto akionekana kuishiwa damu, titulere huandika karatasi ya rufaa, na karatasi hiyo, ambayo ni ushindi mkubwa wa utaratibu wa zoni, inampeleka mama mahali penye bei ya juu zaidi. Wengi hukaa nyumbani siku mbili tatu wakitafuta fedha, na malaria ya mtoto haingoji siku tatu. Wengine hutibiwa, kisha huzuiwa hospitalini mpaka deni lilipwe, wakilala sakafuni baada ya kupona. Katika nchi nzima takriban asilimia 40 ya gharama zote za afya hutoka moja kwa moja kwenye mifuko ya kaya, na uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta wanawake 846 wakifa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Namba hizo mbili ni ndugu.

Kwa nini kituo kinalipisha? Mara nyingi si kwa uroho. Wauguzi wengi wa serikali hupata posho ndogo au hawapati kitu, na mishahara yao halisi hutoka katika makusanyo ya kituo. Makusanyo hayohayo hununua sabuni, hulipa mlinzi, na sehemu yake hupanda kwenda ofisi za juu ambazo kwa haki zingepaswa kushusha fedha. Kwa hiyo muuguzi na mgonjwa, ambao mapatano yaliwataka wawe upande mmoja, wamewekwa kuwa mdai na mdaiwa. Kamati ya CODESA imeketi kati yao. Inapofanya kazi yake, huhesabu dawa zilizopokelewa, hukagua daftari la mapato, hupatana na titulere juu ya bei, na huwataja wale ambao mtaa mzima unajua kwamba hawana kitu: mjane, bibi anayelea wajukuu, familia iliyokimbia Djugu na kupangishiwa chumba. Ujuzi huo wa nani hana kitu hauwezi kununuliwa na shirika lolote, wala hauwezi kuwekwa Kinshasa. Uko kwa majirani tu.

Wakosoaji wa CODESA husema kwamba wajumbe wengi huchaguliwa na titulere mwenyewe, kwamba hawana posho, kwamba wanawake ni wachache, na kwamba mara nyingi kamati huitwa siku ya ugeni ili ipigwe picha. Ni kweli mahali pengi. Hata hivyo ukosoaji huo unaonyesha kwamba kamati imenyimwa madaraka, na dawa ya chombo kilichonyimwa madaraka ni kukipa. Tuliona jambo hilo wakati wa ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini na kuingia Ituri, hasa Mandima na Mambasa, hadi ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020, uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Mwanzoni magari ya wageni yaliingia mitaani kwa kasi, yakiwa na chanjo nzuri na maneno mabaya, na watu waliyakataa. Mambo yalianza kulainika pale kazi ya kueleza, kufuatilia waliokutana na wagonjwa, na kusimamia mazishi ilipokabidhiwa kwa RECO, wachungaji, mapadre, maimamu na wakuu wa mitaa. Watu walipopata nafasi ya kusema, walisema neno ambalo takwimu zinaliunga mkono: kwa nini fedha zote ni za ebola, na watoto wetu wanakufa kwa surua na malaria? Surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, kwa sehemu kubwa watoto, wakati chanjo yake ni ya zamani na ya bei ndogo. Mtaa ulikuwa na orodha sahihi ya maradhi yake kuliko wafadhili.

Limebaki pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote. Linasema kwamba ushirikiano wa jamii ni jina zuri la serikali kukimbia kazi yake: makanisa yalijenga, wageni walilipa, sasa majirani wachangishane, na dola lipumzike. Historia niliyoieleza inaweza kusomwa hivyo, na anayeisoma hivyo hajakosea yote. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja kuweka asilimia 15 ya bajeti zao katika afya, na Kongo haijafika huko. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa jina la kurudisha usalama, bado watu wanaendelea kukimbilia Bunia kutoka Djugu na Irumu, na vituo vya mitaa vinawapokea kwa bajeti ileile ya jana. Lakini tofauti kati ya ushirikiano na mzigo wa maskini ni kuwepo kwa hesabu inayoweza kuonyeshwa. Misheni tano ziliweza kuendesha Nyankunde kwa kuwa kila moja ilijua imetoa nini na nyingine imetoa nini. Zoni ya afya, kwa sheria, ni mapatano ya namna hiyohiyo, ila upande mmoja hauulizwi. CODESA yenye daftari, inayojua kituo cha Bigo kilipokea nini kutoka kwa serikali mwaka mzima na kilikusanya nini kutoka kwa wagonjwa, ndiyo inayoweza kuliweka dai mezani kwa namba, mbele ya mganga mkuu wa zoni na wa mkoa. Familia moja iliyozuiwa hospitalini kwa deni haiwezi.

Upande wa majirani nao una chombo ulichokijenga wenyewe. Watu wa Bunia, hasa wanawake wa sokoni, wanachanga likelemba kila wiki na kukabidhiana fedha kwa zamu bila karani wala mahakama. Sheria ya Februari 2017 imefungua njia kwa vyama vya bima ya afya vya pamoja, ambavyo kwa moyo wake ni likelemba ya ugonjwa: kila mmoja anachangia, na zamu inaamuliwa na homa. Vyama hivyo havitasimama kwa michango ya maskini pekee. Hesabu yake haitoshi pale mtaa mzima unapougua malaria msimu mmoja, na hapo ndipo fungu la serikali linapohitajika, kulipia michango ya wale ambao kamati imewataja na mishahara ya wauguzi ambao sasa wanaishi kwa fishi. CME, iliyo na hospitali Nyankunde na Bunia na sifa ya kuweka hesabu ya pamoja kwa miongo sita, inafaa kuwa ya kwanza kusaini mkataba wa namna hiyo na vituo vya mitaa vinavyoizunguka, kuanzia na akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5.